Swali Kwanza, Mzizi Baadaye

Msichana aliinama nusu, mkoba ameukumbatia, akataja haja yake kwa sauti ya mtu anayenunua kitu cha aibu: ogaka ya shilingi hamsini. Ogaka ni shubiri. Ilikuwa pale pale mbele yake, majani manene yenye miiba pembeni, yamelazwa kwa safu kama samaki kwenye meza ya mchuuzi. Mkono wa mama muuza dawa ukaenda hadi kwenye shubiri, ukasimama juu yake bila kuigusa.

"Ni ya nani?"

"Ni yangu, dani." Dani ni bibi.

"Tumbo limefunga?"

"Eeh. Kidogo."

"Na mwezi uliuona lini?"

Msichana akageuza uso, akatazama barabarani. Mkono wa mama ukarudi mapajani, shubiri ikabaki ilipo. Akavuta kigoda, akakipangusa kwa leso, akamwambia mtoto wa watu akae. Yaliyofuata yalisemwa chini chini, na mimi niliyekuwa nimeketi hatua mbili tu kutoka hapo nikajifanya nahesabu mizizi. Niliambulia neno moja: kliniki.

Maji machungu ya shubiri huendesha tumbo kwa nguvu, na mjamzito hashauriwi kuyanywa. Mfamasia yeyote atakwambia hivyo. Mama huyu aliambiwa na mama mkwe wake, enzi ambazo hospitali ilikuwa mbali na barabara ilikuwa tope. Hatari ya shubiri wengi wanaijua. Wanaoweza kuusimamisha mkono uliokwisha kunyooshwa, Jumapili saa nne, noti ya mteja ikiwa imeshatoka mkobani, hao ni wachache. Kwa ajili ya mkono ule nilirudi Kibuye Jumapili saba.

Soko la Kibuye, Kisumu, lipo kila siku, lakini Jumapili ndiyo siku yake. Waumini wakitoka misa ya kwanza katika kanisa kuu la Mtakatifu Theresa huikuta barabara ya Jomo Kenyatta imekwisha kufurika: mitumba imemwagwa juu ya maturubai, makabati yananuka vanishi, kuku wamefungwa miguu, omena zi magunia kwa magunia, na nyundo za mafundi wa jua kali hazijui kama ni siku ya Bwana. Wauza dawa za miti wanakaa chini, chini kweli kweli, kwenye magunia yaliyotandikwa, kila mmoja na mwavuli wake uliopauka. Ukipita kwa haraka utadhani wanauza kuni.

Si mbali na mama yupo kijana mwenye kipaza sauti na chupa za maji ya kahawia. Dawa yake ni moja, nayo inatibu kisukari, presha, mgongo, nguvu za kiume, uzazi uliokwama na, nilipomsikiliza vizuri, hata mikosi ya kazini. Anauza kuliko mama, tena mara nyingi. Sina ugomvi na biashara yake. Kila mtu ana watoto wa kulisha. Ila Jumapili zote saba sikumsikia akimuuliza mteja hata swali moja, labda kama ana chenji.

Mama yeye haanzi na dawa. Anaanza na jina. Wajaluo wana utaratibu wa kumwita mwanamke aliyeolewa kwa alikotoka: Nyar Gem, Nyar Alego, Nyar Seme, yaani binti wa huko. Siku ya kwanza aliniuliza, kabla sijasalimu vizuri, "In nyar kanye?" Binti wa wapi wewe? Nikasema Mombasa, na tangu hapo mimi ni Nyar Mombasa, ingawa nimekaa Kisumu miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu. Nilidhani ni ukarimu tu. Ilinichukua Jumapili tatu kugundua kwamba ni sehemu ya kazi.

Maana Kijaluo kina jina kwa kila ngazi ambayo mwanamke hupanda. Kuna nyako, msichana. Kuna miaha, bibi harusi ambaye bado ni mgeni kwa wakwe. Akizaa anakuwa min fulani, mama wa fulani. Akipata wajukuu ni dayo. Sasa muuza dawa akikosea ngazi amemjeruhi mteja kabla ya kumtibu. Mwite "mama watoto" mwanamke wa miaka arobaini ambaye hajajaliwa mtoto, na ndiyo kwanza amejikaza kuja kutafuta dawa ya jambo hilo hilo, uone kama atafungua kinywa. "Nyar" haina hatari hiyo. Kila mwanamke ni binti wa mahali fulani, awe ameachika, ni mjane, ni tasa au ana kumi na mmoja. Mama huliweka jina hilo mbele kama mtu anayemwekea mgeni mkeka, kisha anangoja. Mteja mwenyewe atasema yuko ngazi gani, na akisita, kusita kwenyewe ni jibu.

Mikono yake ningeweza kuitazama kutwa. Magome huyakausha kivulini, kwa sababu jua la Kisumu, anasema, linakula dawa kabla ya mgonjwa. Gome la ober, mti ule mkubwa wa kivuli ambao kitaalamu ni Albizia coriaria, hulivunja vipande vinavyotoshana na kiganja. Ukisikia kimevunjika kwa mlio mkavu, kiko tayari, kikipinda kinarudishwa chini ya mwavuli. Mizizi ya mti uitwao pedo huikwangua udongo kwa kisu kilicholika hadi kubaki kama utambi. Kila kipande hukinusa kwanza, kisha hukitafuna ncha na kutema kando. Kuna Jumapili alitupa fungu zima la mizizi aliyoletewa na mwanamume wa baiskeli. Mimi niliiona sawa kabisa na ile ya wiki iliyotangulia. Alinipa nionje. Ilikuwa chungu kama ile nyingine. "Hii imechimbwa mti ukiwa na kiu," alisema, na sikuthubutu kuuliza zaidi.

Kufunga ndiko kunakopendeza zaidi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, mama amerudi kwenye gazeti na kamba za katani. Karatasi moja huichana mara nne bila makasi, akaweka magome chini, majani juu, akakunja pembe moja, ya pili, ya tatu, ya nne ikaingia ndani ya ya kwanza. Halafu anapiga fundo. Fundo moja ni dawa ya kunywa. Mawili, ya kuoga au kujifukiza. Matatu ni ya kuchua. Mteja asiyejua kusoma hakosei, na anayejua kusoma hasahau. Nilimuuliza nani aliyemfundisha mafundo hayo, akacheka, akasema alianza mwenyewe baada ya mwanamke mmoja kunywa dawa ya kuoga. Aliharisha siku mbili, akapona na alichokuwa anaumwa, kwa hiyo hakudai pesa.

Halafu kuna masharti ya chungu. Dawa hizi zichemshwe katika chungu cha udongo, siyo sufuria ya alumini. Hilo lilinifanya nitabasamu, kwa sababu miaka ya nyuma nilipata kusoma kidogo juu ya tiba ya Wachina, iliyofika kwetu kwa kliniki zilizofunguliwa Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika Mashariki, na sharti lao ni hilo hilo: chungu, si chuma. Na chungu chenyewe, pwani hii ya ziwa, ni kazi ya wanawake. Ingrid Herbich, aliyewachunguza wafinyanzi wa Kijaluo miaka ya 1980, alionyesha kwamba wengi wao huanza kufinyanga baada ya kuolewa, wakifundishwa na mama wakwe na wanawake wa boma walilohamia. Dawa ya mama huyu nayo ilimjia kwa njia ile ile. Alikuja kuolewa hajui hata jani moja, mama mkwe akaanza kumtuma: kalete lile, la karibu na kichuguu, si hilo, lile lenye manyoya. Alitumwa miaka sita kabla ya kuambiwa lile la karibu na kichuguu ni la nini.

Kabla yake walikuwepo wengine. Katika boma la zamani la Kijaluo kulikuwa na nyumba iliyoitwa siwindhe, wasichana wakilala humo kwa bibi mzee aliyeitwa pim. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo wameandika juu ya pim katika kitabu chao cha 1989 kuhusu Siaya. Kwa kawaida alikuwa mwanamke aliyekwisha kupita umri wa kuzaa, na usiku, watoto wakiwa wamejikunyata, ndiye aliyewaambia mwili ni nini, damu ni nini, mwanamume ni nani na ukoo gani hauolewi. Sisi wa pwani tuna somo na kungwi, lakini kungwi huja na ngoma na sherehe na ada yake. Pim alikuwa hapo tu, kama moto wa jikoni. Mama wa dawa amemwahi mmoja wa mwisho, bibi wa babake, aliyekuwa na pengo la meno sita ya chini, yale waliyong'olewa vijana wa zamani kuonyesha wamekua. Anachokumbuka zaidi ni kwamba bibi huyo alikuwa anauliza. Ukirudi kutoka mtoni anakuuliza umeona nini, na ukisema hujaona kitu anakurudisha.

Nasema habari za kuuliza kwa sababu hapo ndipo, kwangu mimi, ufundi wote ulipo. Wachina wana kitabu cha tiba kiitwacho Huangdi Neijing, kilichokusanywa yapata miaka elfu mbili iliyopita, na ndani yake umri wa mwanamke umekatwa kwa saba saba. Miaka 7 meno hubadilika. Miaka 14 damu huja. 28 mwili umefika kileleni, 35 uso huanza kunyauka, 42 mvi, na 49, saba mara saba, damu hukoma. Ni hesabu nzuri ajabu, na nilipomsimulia mama aliisikiliza hadi mwisho akiwa na kipande cha gome mkononi.

"Na aliyezaa mapema?" akauliza. "Na aliyelala njaa? Na mjane?"

Nikamwambia Wachina hawakuishia kwenye hesabu. Tabibu wao hutazama, husikiliza na kunusa, huuliza, mwisho hushika mshipa wa mkono. Zhang Jiebin, tabibu wa enzi ya Ming aliyekufa mwaka 1640, alipanga maswali kumi ambayo mgonjwa hana budi kuulizwa, na waliokuja baadaye wakaongeza kwamba mwanamke asikose kuulizwa habari za mwezi wake. Hapo mama akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyeletewa salamu na jamaa wa mbali. "Kumbe wanajua kazi," alisema.

Upande wa kushoto wa gunia, mbali kidogo na dawa, ana lundo la mawe laini ya rangi ya kijivu. Hiyo ni odowa, udongo wa kula, na wateja wake karibu wote ni wajawazito. Ukiikaribia inanukia mvua ya kwanza. Hapa ndipo nilipotaka kumkosoa. Watafiti wakiongozwa na Wenzel Geissler waliwachunguza wajawazito 275 huko Kilifi na kuchapisha matokeo mwaka 1998: zaidi ya nusu walikula udongo, na akiba ya madini ya chuma mwilini mwao ilikuwa chini kuliko ya wenzao wasiokula. Nilimwambia hivyo, kwa adabu, lakini nilimwambia. Mwanamke anayejua kuuzuia mkono wake kwenye shubiri anauzaje odowa?

Hakuudhika. Alisema odowa si dawa ndiyo maana haiko upande wa dawa. Ni hamu, na mwenye hamu ataipata hata ukutani. Asipouza yeye atauza jirani. "Lakini kwangu hanunui kimya kimya." Na kweli, nilikaa nikasikiliza. Kila aliyeinama kuchagua odowa alichaguliwa na yeye: miezi mingapi? Umeanza kliniki? Wamekupa vidonge vya damu? Unavimeza au umeviweka kabatini? Mmoja alikiri ameviweka kabatini kwa sababu vinamtia kichefuchefu. Mama alimwambia avimeze usiku baada ya ugali, akampunguzia odowa nusu ya aliyolipia, akamrudishia pesa ya nusu iliyobaki. Bado sijakubali kwamba udongo ule ungeuzwa. Lakini nimeziona kliniki ambako maswali manne kama hayo hayaulizwi.

Kisha anayemaliza miezi yake huambiwa ale apoth, mlenda, ateleze. Hiyo ni imani ya utelezi kuita utelezi, sina la kusema, isipokuwa mlenda ni mboga njema na hakuna aliyedhurika nayo. Akishajifungua mboga zinabadilika: dek, ambayo wengine tunaiita mgagani, na osuga, yaani mnavu, zimepikwa polepole kwa maziwa hadi uchungu upoe, pamoja na uji wa wimbi na mchuzi wa samaki, ili maziwa yashuke. Mama hauzi mboga, ana jirani yake anayeuza, na wawili hao wanatumiana wateja kwa ishara ya kidevu.

Kwetu Mombasa mzazi hukandwa kwa maji moto, hufungwa mkaja tumboni, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na arubaini yake huheshimiwa. China huko mzazi hukaa ndani mwezi mzima, asiguse maji baridi wala asipigwe na upepo. Wajaluo wa zamani walikuwa na siku chache zenye hesabu: mtoto wa kike alitolewa nje siku ya tatu, wa kiume siku ya nne. Nilipomuuliza mama kama siku tatu zinatosha mwili kupumzika, alijibu kwamba kutolewa nje ni kwa mtoto, mama mtu anaweza kukaa, iwapo mama mkwe ana akili. Yeye mkwe wake alikuwa na akili.

Katika miaka ya kati, kabla hajapata gunia lake Kibuye, yeye mwenyewe alikuwa nyamrerwa, mwanamke anayewazalisha wenzake na kuwatibu watoto. Rekodi zake hazikuandikwa popote, na bado zipo, zinatembea Kisumu nzima. Atieno amezaliwa usiku. Akinyi asubuhi, ndilo jina la Grace Ogot pia, ambaye alikuwa muuguzi na mkunga kabla dunia haijamjua kwa hadithi zake. Achieng' jua likiwa utosini. Auma alitoka kifudifudi. Awino alikuja kitovu kimemzunguka. Apiyo ni pacha aliyetangulia, Adongo aliyefuata, Akelo ni yule aliyezaliwa baada ya mapacha. Mtu akijitaja jina mbele ya gunia, mama husikia ndani yake uzazi wa mama wa mtu huyo. Nilimwona akimwambia mwanamke mmoja, Akelo, mwenye mimba ya kwanza: kwenu kuna mapacha, kliniki wamekupima kwa mashine? Hakuwa amepimwa. Hakuwa amelifikiria hilo kabisa.

Siku hizi hazalishi. Tangu uzazi utangazwe kuwa bure katika hospitali za serikali mwaka 2013, kazi ya nyamrerwa imekuwa kusindikiza. Anasema hivyo bila uchungu, au kwa uchungu uliokwisha kuzoeleka. Kuna alasiri mwanamke wa miezi minane alikuja kuomba kitu cha kichwa. Kichwa kinauma siku ya tatu, alisema, na macho yanaona vinyota. Mama hakutazama dawa zake hata kidogo. Alimtazama miguu. Akabonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo, akatoa kidole, na shimo likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. "Nenda Russia," alisema. "Sasa hivi. Si kesho." Russia ndivyo watu wa Kisumu wanavyoiita hospitali kuu ya rufaa, ile iliyopewa jina la Jaramogi Oginga Odinga, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Warusi na kufunguliwa mwaka 1969. Mama alisimama mwenyewe, jambo analolifanya kwa shida kwa sababu ya magoti, akaita tuktuk, akalipa nauli, akamwambia dereva asipitie kituo chochote. Kuvimba, kichwa na vinyota ni dalili za kifafa cha mimba. Yeye hakutaja jina la ugonjwa. Aliporudi kuketi alikunja karatasi tupu ya gazeti, akaikunjua, akaikunja tena.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Kuna mambo ambayo tunaachana njia. Mtu akikonda bila sababu, mama hufikiria chira, ugonjwa unaompata aliyevunja mwiko, na chira ina manyasi yake. Kwa Kiswahili manyasi ni nyasi tu. Kwake ni mchanganyiko wa dawa wa kusafisha boma lililokosewa. Mimi naona mkondo huo umewachelewesha wengi kupimwa, katika eneo ambalo Ukimwi ulizika vijana kwa vijana. Nilimwambia. Akasema anayetaka manyasi kwake anaonyesha kwanza kadi ya kupimwa. Nikamuuliza tangu lini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema tangu azike binti yake. Sikuuliza tena siku ile.

Nyumbani ninacho kitabu cha John Kokwaro, Medicinal Plants of East Africa, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1976. Usiku wa kila Jumapili nilikuwa nafungua kutafuta nilichokiona mchana. Mimea mingi nimeikuta. Mwaka 1990 Kokwaro huyo huyo, pamoja na Timothy Johns na mwenzao, walichapisha utafiti juu ya dawa za Wajaluo wa Siaya, na njia yao ilikuwa ya heshima: walihesabu ni dawa zipi zinazotajwa na watu wengi kwa ugonjwa ule ule, kwa kuwa maneno ya mmoja yanaweza kuwa ndoto yake, lakini kumi wasioonana wakisema mamoja, sikiliza. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Na bado safu zile za majina na maradhi hazina mahali pa kuandika mkono uliosimama juu ya shubiri. Kitabu kinaweza kukwambia yago inatibu nini. Hakiwezi kujua kwamba kipande kile kile cha yago, tunda refu la mwegea, mama hawezi kumkabidhi mjane wa mvuvi bila kukifunika kwanza, kwa sababu aliyepotelea ziwani na mwili wake usipatikane huzikiwa tunda hilo badala yake.

Jumapili ya saba nilikuja bila daftari. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, soko limechelewa kushika moto, kijana wa kipaza sauti hajafika. Mama alinitazama nilivyokaa.

"Nyar Mombasa, jana ulilala?"

Nikasema kidogo.

"Joto?"

Nikasema ndiyo, joto, saa nane usiku, kama mtu amewasha jiko kifuani, na shuka naipiga teke. Na mwezi? Unakuja ukipenda. Huu ni wa tatu haujapenda. Na moyo? Sikumjibu upesi, akangoja, akipanga majani ya olulusia ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Nikamwambia kuhusu moyo. Jumapili saba nilikuwa nimekaa pale nikiandika juu ya wanawake wengine, na umri wangu ni miaka 49, saba mara saba; yeye alikuwa ameshaihesabu tangu siku ile nilipomsimulia Wachina.

Akachana karatasi. Akaweka gome, akaweka majani juu yake, akakunja pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha mkono ukasimama.

"Kuna dawa ya hospitali unakunywa?"

"Ya presha," nikasema. "Kila asubuhi."

Akakunjua karatasi pembe moja baada ya nyingine, akarudisha gome kwenye fungu lake na majani kwenye fungu lake. Kutoka nyuma ya mwavuli akatoa chupa ya chai na vikombe viwili, akamimina uji wa wimbi, ulikuwa bado moto, akanisogezea kimoja. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa amesimama mbele ya gunia, anangoja.

"Sogea kidogo, nyar," mama akaniambia, na akamgeukia yule. "In nyar kanye?"